Kupiga picha daraja la Hussaini, Hunza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kazi yangu ni picha za harusi, Tanga. Madaraja ni ugonjwa wa likizo. Tangu nianze kuwaonyesha watu picha zangu za daraja la kuning'inia la Hussaini, kaskazini ya Pakistan, maswali ni yale yale, na mengine huulizwa na mtu yule yule mara ya pili. Nimeyakusanya hapa. Nimefika huko mara mbili, mwezi Mei na mwishoni mwa Oktoba. Mengi ya humu yatakufaa pia kwenye kivuko chochote cha miguu kinachoyumba, huko au huku kwetu.

## Mambo ya msingi

Daraja liko wapi, na linavuka nini hasa?

Hussaini ni kijiji cha Gojal, yaani Hunza ya Juu, katika eneo la Gilgit-Baltistan. Kiko kando ya barabara kuu ya Karakoram, ile inayopanda hadi mpaka wa China kwenye njia ya mlima ya Khunjerab, mita 4,693 juu ya usawa wa bahari. Daraja linavuka mto Hunza.

Utakuta imeandikwa sehemu nyingi kwamba linavuka ziwa Borith. Si kweli. Borith lipo, lakini liko juu ya kijiji, mbali na mto. Ukimwambia dereva akupeleke Borith atakupeleka Borith, na utarudi na picha za bata.

Kwa nini linatisha namna hiyo?

Kwa sababu ya mianya. Chukua nyaya nene za chuma, zitandaze kutoka ng'ambo hadi ng'ambo kwa karibu mita 200, kisha penyeza mbao kati yake moja moja, ukiacha nafasi kati ya ubao na ubao. Pembeni kuna nyaya za kushika. Chini kuna maji ya barafu yanayokimbia. Jicho linatafuta mahali pa kukanyaga, na kila likitafuta linaona mto. Hapo ndipo magoti yanapolegea, hata kama ubao wenyewe ni mzima kabisa.

Lile daraja bovu zaidi la picha za zamani bado lipo?

Hapana. Tarehe 4 Januari 2010 mlima uliporomoka Attabad, kusini mwa hapo, ukaua watu 20 hivi na kuuziba mto Hunza. Maji yakapanda nyuma ya kifusi miezi mitano kabla ya kuanza kufurika juu yake. Ziwa likanyooka zaidi ya kilomita 20, likameza mashamba, nyumba na kipande cha barabara kuu. Watu na mizigo walivushwa kwa boti hadi mahandaki mapya yalipofunguliwa mwaka 2015. Daraja la zamani lilisombwa mwaka 2011, likajengwa jipya kando yake, na mabaki ya lile la kwanza yakabaki yakining'inia. Kwa hiyo ukiona picha yenye madaraja mawili, moja likiwa kama mbavu za samaki aliyekwisha kuliwa, usidhani ni ujanja wa kompyuta.

Ni kweli ndilo daraja la hatari kuliko yote duniani?

Hicho ni kichwa cha habari. Hakuna anayeyapima madaraja yote ya dunia na kuyapanga kama timu kwenye ligi. Wenyeji hulivuka wakiwa na mizigo mgongoni kwenda mashamba yao ya ng'ambo, na hawatembei kwa mwendo wa mtu anayesema shahada.

Daraja linalotisha macho na daraja linaloweza kukatika ni vitu viwili. Mfano wake mzuri uko Peru. Daraja la Q'eswachaka juu ya mto Apurímac limesukwa kwa nyasi tupu, na kila mwaka mwezi Juni vijiji vinavyolizunguka hulisuka upya. Kwa macho ni kichekesho. Lilikatika Machi 2021, baada ya janga la korona kuwazuia watu kulisuka upya mwaka uliotangulia. Kwa hiyo usiniulize daraja linatisha kiasi gani. Muulize mwenyeji mara ya mwisho lilikarabatiwa lini.

## Kufika na ruhusa

Nifikeje?

Kwa ndege kutoka Islamabad hadi Gilgit, kama hali ya hewa itakubali, na mara nyingi haikubali. Weka siku mbili za akiba. Kwa gari kuna njia mbili: ile ya juu kupitia Babusar, mita 4,173, ambayo hufungwa na theluji miezi mingi ya mwaka, na ile ndefu inayofuata mto Indus. Kutoka Gilgit hadi Karimabad, mji wa Hunza wanaoufahamu watalii, ni kama kilomita 100, kisha unaendelea kupanda. Beba nakala nyingi za pasipoti na viza. Kwenye vizuizi vya barabarani wageni huandikishwa, na nakala moja iliyotolewa haraka inaokoa dakika 20 za kuandika jina lako herufi kwa herufi.

Nahitaji kibali kupiga picha daraja?

Kwa Hussaini hapana. Ni kivutio, unakata tiketi pale pale na kupewa jaketi la kuokolea. Livae, hata kama linaharibu pozi.

Usilichukulie hilo kama kanuni ya dunia nzima, wala ya Pakistan nzima. Barabara ile ni ya mpakani: vizuizi, askari na kambi havipigwi picha. Huku kwetu pia tahadhari. Kongo, mtu kushikwa kwa kupiga picha ya daraja si hadithi ya kutunga, na "mimi ni mtalii tu" haimalizi kesi. Ukiwa kijijini Tanzania, anzia ofisi ya serikali ya kijiji. Msalimie mwenyekiti, jieleze, sema picha ni za nini. Ni nusu saa, na ukishatoka hapo hata mtoto wa shule anajua wewe ni nani.

Nije na droni?

Usije nayo bila kibali cha maandishi. Forodha wanaweza kuizuia uwanjani kabla hujaiona Hunza hata kwa mbali. Wale wanaoizoea ndege nyuki nyumbani wanajua kwamba hata Tanzania na Kenya hairushwi bila idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga. Nami nikiri: picha za daraja hili zilizopigwa kutoka juu hazinisisimui. Zinaonyesha uzi juu ya utepe. Hofu iko kwenye usawa wa miguu.

Mtu wa Afrika Mashariki anapokelewaje? Lugha je?

Vizuri, na kwa mshangao kidogo. Watu wa Gojal wengi ni Wawakhi, lugha yao ni Kiwakhi, na wengi wao ni Waismailia, yaani Waislamu wanaomfuata Aga Khan. Nilipomwambia mwenye nyumba ya wageni natoka Tanzania, aliniuliza kwanza kuhusu hospitali ya Aga Khan ya Dar es Salaam, kana kwamba nimeacha foleni pale asubuhi.

Nje ya Kiwakhi, Kiurdu kinakuvusha, na wewe tayari unacho kidogo bila kujua. Chai ni chai, dunia ni "duniya", rangi ni "rang", hatari ni "khatra", na picha ni "tasvir", ndugu yake taswira. Neno moja tu litakuponza. Ukisema "daraja" watasikia "darja", yaani cheo au kiwango, kama sisi tunavyosema daraja la kwanza kwenye mitihani. Daraja la kuvukia ni "pul". Salamu yako ya salaam aleikum inafungua kila mlango.

## Mwanga, majira na upepo

Niende mwezi gani?

Inategemea unataka mto wa aina gani. Mto Hunza unalishwa na barafu za milimani, kwa hiyo hujaa wakati wa joto, Juni hadi Agosti, si wakati wa mvua kama mito yetu ya masika. Miezi hiyo maji ni ya kijivu na mazito kwa unga wa mwamba uliosagwa na barafu. Yanafanana na zege bichi. Vuli ya kule, Oktoba na kuendelea, maji hupungua, hutulia na kuwa na rangi ya samawati ya kijani, na mipopla ukingoni inakuwa ya manjano. Mwishoni mwa Machi na Aprili miaprikoti inachanua.

Wengi watakwambia Oktoba, na kwa kadi ya posta ni kweli. Mimi picha yangu ninayoipenda ni ya Mei, maji yakiwa na hasira na anga likiwa limefunga. Daraja hili halihitaji kupambwa.

Saa ngapi?

Hapa kuna mgogoro. Vilele vya Passu, vile vyenye ncha kama meno ya msumeno, viko kaskazini-mashariki, na jua la alasiri ndilo linalovipiga usoni na kuvifanya vya dhahabu. Lakini alasiri ndiyo saa ya upepo. Bonde likishapata joto, upepo unaanza kusafiri ndani yake kama kwenye bomba, na daraja linacheza.

Ninavyofanya mimi: asubuhi, hewa ikiwa imetulia, napiga picha zote za juu ya daraja. Alasiri nabaki ukingoni na lenzi ndefu. Kwa njia hiyo nakosa picha moja, ile ya juu ya daraja kwa mwanga wa dhahabu. Nimeamua kuishi bila hiyo.

Nisimame wapi kuliunganisha daraja na vilele?

Kaa ukingo wa upande wa barabara, sogea kando ya daraja kuelekea mto unakoshukia, kisha geuka kutazama mto unakotoka. Daraja litakata picha kwa mlalo na vilele vitakaa nyuma yake. Angalia miguu kabla hujarudi nyuma "hatua moja tu". Kingo ni kokoto na changarawe iliyolegea, na nadhani watu wengi zaidi hujikwaa pale kuliko kwenye mbao.

## Vifaa na mipangilio

Simu inatosha?

Inatosha. Ina faida moja kubwa: inaingia mfukoni na mikono inabaki mitupu. Upungufu wake ni umbali. Ukivuta sana kwa simu, mtu aliye katikati ya daraja anakuwa mchoro wa rangi za maji. Ifunge kamba ya mkononi. Mimi nilipoteza kifuniko cha lenzi pale, kikapita kwenye mwanya bila hata kugonga ubao. Kilikuwa kifuniko tu, lakini nilisikia tumbo likikifuata.

Lenzi gani, na kasi gani?

Mbili zinatosha. Lenzi pana, milimita 20 hadi 24, kwa mahali unapoanza kukanyaga mbao: ishushe hadi usawa wa goti, ubao wa kwanza uwe mkubwa mbele na wa mwisho uwe nukta. Na lenzi ndefu, milimita 200 hivi, ukiwa ukingoni au kwenye kichwa cha daraja. Lenzi ndefu hubana mbao zikaonekana zimerundikana, na mianya ikapotea. Tumia hilo kwa kujua: ukitaka daraja lionekane la kutisha, lenzi ndefu si rafiki yako.

Kasi ya shata isishuke chini ya 1/500 ya sekunde ukiwa juu ya daraja, na upepo ukiwepo nenda 1/1000. Kuna mitikisiko miwili, wa mikono yako na wa daraja, na kizuia mtikisiko cha lenzi kinaujua ule wa kwanza tu. Ongeza ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, bila aibu. Picha yenye chembechembe inasameheka, picha iliyotikisika haina msamaha.

Theluji ya vileleni na kivuli cha bonde havikai pamoja kirahisi. Pimia mwanga kwenye theluji, acha bonde liwe jeusi kidogo, kisha ulifanye liwe jeupe zaidi baadaye kwenye faili ghafi (RAW).

Naweza kupiga maji yawe laini kama hariri?

Ukingoni, kwa tripodi, ndiyo. Juu ya daraja, hapana: tripodi inayumba pamoja na daraja, na miguu yake itaingia kwenye mianya. Hata ukingoni kuna tatizo, kwamba kwa muda wa sekunde moja daraja lenyewe nalo linafutika. Wanaotaka vyote viwili hupiga picha mbili, ya haraka kwa daraja na ya polepole kwa maji, kisha huziunganisha. Mimi sijishughulishi. Maji ya Mei ukiyalainisha yanakuwa uji.

Betri na umeme?

Baridi hula betri. Ziweke mfuko wa ndani, karibu na mwili. Mgawo wa umeme upo kule kama tunavyoujua sisi, na baridi ikizidi nao unazidi. Chaji kila unapoona soketi yenye uhai, na beba pawabenki mbili. Kwa mtandao tafuta laini ya SCOM, ndiyo yenye minara mingi eneo lile.

## Ukiwa juu ya daraja

Nitembee vipi na kamera?

Usitembee na kamera. Tembea, au piga picha. Kamera ikae mwilini, mkanda ukipita begani na kifuani kama mkoba wa konda, mikono yote miwili kwenye nyaya. Ukifika unapotaka, simama, tanua miguu kwenye mbao mbili, egemeza kiuno kwenye waya, ndipo uinue kamera. Jicho moja likiwa kwenye kitafutio, ubongo unaamini umesimama ardhini. Ukimaliza, rudisha kamera kabla hujainua mguu.

Lenzi haibadilishwi huko. Amua ukiwa ukingoni.

Nivae nini?

Viatu vya kushika, visiwe vya kisigino wala malapa. Usiende na dera, kanzu au kikoi kilichofungwa kiunoni: kwenye upepo ule ni tanga, na wewe ndiye mlingoti. Mtandio uchomeke ndani ya koti. Kijiji ni cha watu wenye staha, lakini staha na suruali pana vinapatana.

Tukiwa kundi je?

Nendeni wachache, mkiachana nafasi, na msiende kwa hatua za pamoja. Mwaka 1831 daraja la Broughton, karibu na Manchester, Uingereza, lilianguka chini ya askari waliokuwa wakilivuka kwa gwaride, na baada ya hapo jeshi likawaamuru askari wavunje mwendo wanapovuka daraja. Hatua zenu zikiangukia pamoja na mpigo wa daraja, linazidi kupanda na kushuka. Mkihisi hivyo, simameni hadi litulie. Yule rafiki anayelitikisa makusudi ili video ichekeshe, mwacheni ukingoni na mabegi.

Mwenyeji akija na mzigo nikiwa katikati napiga picha?

Wewe ndiye unayepisha. Ukiwa karibu na kichwa cha daraja, rudi. Ukiwa katikati, geuka ubavu, jibane upande mmoja, kamera kifuani, umwache apite. Daraja hili ni njia ya mtu ya kwenda shambani. Mgeni aliyekaa katikati dakika 20 akingoja wingu lisogee ni sawa na gari lililoegeshwa mlangoni kwa jirani.

Mzee mmoja aliyebeba majani ya mifugo alinisubiri kichwani mwa daraja bila kusema neno, na mimi sikumwona kwa sababu nilikuwa nimezamia kwenye lenzi. Nilipotoka na kuomba radhi alicheka, akaniuliza kama nimemaliza. Nilikuwa na picha 140 za daraja, na hakuna hata moja yenye mtu. Siku iliyofuata nilianza upya.

## Watu kwenye picha

Niwapige picha wanaovuka?

Omba kwanza, na kwa wanawake omba kabla hujagusa kamera. Kiganja kilichoinuliwa au uso uliogeuzwa ni hapana, usijaribu tena kwa lenzi ndefu. Kwa mtu aliye mbali, ambaye ni umbo tu juu ya mto, mimi hupiga, kisha namngoja ng'ambo nimwonyeshe. Hadi leo hakuna aliyeniambia nifute, ila mama mmoja alitaka nimpige tena kwa sababu kilemba kilikaa vibaya.

Watoto usiwape pesa wala pipi kwa ajili ya pozi. Ukitaka kuacha kitu, kula kijijini, lala kijijini, nunua aprikoti kavu.

Niandike nini chini ya picha?

Jina la kijiji, jina la mto, mwezi na mwaka. Usiandike "wanahatarisha maisha kila siku" kama hujawauliza. Kwa Hussaini kutaja mahali hakuna madhara, tayari panajulikana. Kwa kivuko kidogo cha magogo huko Uluguru au Usambara, chenye uwezo wa watu wawili, fikiri kabla hujaweka ramani.

## Hali zisizo za kawaida

Nimefika katikati, miguu imegoma. Nifanye nini?

Kwanza kamera mwilini. Shika nyaya zote mbili, usiangalie maji yanayokimbia, maana yanakufanya uhisi kwamba daraja ndilo linalokwenda upande. Tazama ubao mmoja mbele, ukanyage, kisha tazama unaofuata. Kurudi si aibu. Ukimwona mwenzako amekwama, usimpige picha. Mngoje atoke, mtacheka baadaye.

Kitu kimeangukia mtoni?

Kimekwenda. Usishuke ukingoni kukifuata, maji yale ni ya barafu na hayana mzaha. Ndiyo maana memori kadi ya jana inabaki chumbani.

Ubao umevunjika au daraja limefungwa?

Hupandi, hata kama mwongozo wako anasema ni sawa. Piga ukingoni (tazama jibu la mahali pa kusimama). Kuna daraja jingine la kuning'inia upande wa Passu, lenye watu wachache, lakini nalo uliza kwanza wenyeji waliolitumia wiki hiyo.

Upepo umeanza nikiwa ng'ambo?

Kaa ng'ambo. Ilinikuta mwezi Oktoba. Nilikaa nyuma ya ukuta wa mawe na wanaume wawili waliokuwa wakingoja kama mimi, tukanywa chai yao ya chumvi hadi jua lilipozama na bonde likapoa. Tulivuka karibu na giza, wao mbele, mimi nyuma, kamera ikiwa ndani ya begi.